Semina ya ndoa kwenye kigango chenye Wakristo wachache: namna ya kuiandaa Lindi na Mtwara

Vijiji vingi vya Kilwa, Lindi, Newala na Tandahimba vina misikiti miwili mitatu na kanisa moja dogo la kaya chache. Semina za ndoa zinazoletwa huko kutoka mjini kwa kawaida zimeandaliwa kwa familia ambayo baba, mama, wakwe na majirani wote ni wa kanisani. Kusini haiko hivyo. Mke ni Mkristo, kaka yake ni muadhini, mjomba mwenye usemi juu ya watoto wake ni Muislamu, na nyumba imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Ukiipanga semina kana kwamba hao hawapo, wanandoa watarudi nyumbani na maazimio ambayo mjomba atayafuta kwa neno moja.

Mwongozo huu ni kwa makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa na kamati za akina mama wenye wanandoa kumi hadi kumi na wawili, bajeti ndogo na siku mbili.

Tarehe: tazama shamba kwanza

Kusini fedha kubwa ya mwaka ni ya korosho. Zinaokotwa kuanzia Septemba mwishoni, minada inaanza Oktoba, na malipo yanaendelea hadi Desemba au Januari. Ufuta huuzwa karibu Juni na Julai. Kipindi bora cha semina ni wiki mbili za mwanzo wa Septemba: kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kunaishia na fedha haijaingia. Mkipanga Oktoba au Novemba, watu watakuwa mikoroshoni. Mkipanga Februari, fedha imekwisha, na somo la mapato litageuka kesi ya nani alikula nini.

Angalieni pia Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Msifanye semina ya kupika pilau mchana wa Mfungo. Msiiweke Ijumaa. Mpango unaofaa ni Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kisha Jumapili baada ya ibada, saa 7 hadi saa 10. Kuanza kabla ya saa 3 hakuna maana. Akina mama wanakuwa bado kisimani.

Taarifa na jina la semina

Siku kumi kabla, wazee wawili wapeleke barua kwa mtendaji wa kijiji na kubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kama mtakaa nje na kutumia spika, huo unaweza kuhesabiwa kuwa mkutano wa hadhara, na taarifa ya maandishi inatakiwa polisi wilayani si chini ya saa 48 kabla. Kwa watu ishirini na nne spika haihitajiki kabisa. Iacheni.

Baada ya mtendaji, wazee hao hao waende nyumbani kwa imamu, wakati wa jioni tulivu, mikono mitupu bila vipeperushi. Wamwambie mambo matatu tu: siku gani, watu wangapi, na kwamba hakutakuwa na mahubiri ya kuwaita watu kubadili dini. Kisha ahadi hiyo itunzwe. Akitokea mhubiri mgeni siku ya pili akaanza kuita watu mbele, mume Muislamu aliyekuja na mkewe Mkristo hatarudi, na mwakani mkewe pia hatapewa ruhusa.

Kwa sababu hiyo hiyo iiteni "Semina ya Familia". Jina lenye maneno ya uponyaji, ufunguo au uamsho linawafungia nje wale hasa mnaowahitaji.

Nani aalikwe

Hesabuni aina tatu za kaya: wanandoa wote Wakristo, wanandoa wa imani mbili, na waliooana kimila ambao bado hawajabarikiwa. Katika kigango cha pwani aina mbili za mwisho zinaweza kuzidi ya kwanza. Mkiwaita tu "waliofunga ndoa takatifu" mtapata wanandoa wanne na wazee wao.

Mwaliko hupelekwa nyumbani, kwa wote wawili wakiwa pamoja. Mume asiye Mkristo apelekewe na mwanaume anayemheshimu, ikibidi shemeji yake, lakini asipelekewe na katekista kijana. Tangazo la kanisani halitoshi. Linamfikia mke peke yake, na mke akifikisha ujumbe inaonekana kama yeye ndiye aliyemshtaki mumewe.

Wajane na akina mama wanaolea peke yao ndio hupewa kazi ya jikoni siku ya semina ya ndoa. Hii ni desturi mbaya. Somo la mirathi na la malezi linawahusu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo mpishi alipwe, nao wakae darasani.

Wawezeshaji

Mnahitaji watu wanne: mume na mke wenye ndoa ya miaka isiyopungua kumi, mama mmoja wa kuongoza kikao cha wanawake, na mtu mmoja kutoka nje ya kijiji. Huyo wa nje ni muhimu. Kijijini kila mtu ni ndugu au mkwe wa mwenzake, na siri aliyopewa mtu wa pale inaenea kijiji kizima. Mchungaji au katekista afungue na afunge semina, ila asiongoze mazungumzo ya matatizo kama yeye ndiye anayeketi kwenye kikao cha kuwatenga watu na Meza ya Bwana. Hakuna atakayesema kweli mbele yake.

Mualikeni pia muuguzi wa zahanati kwa nusu saa, na msaidizi wa kisheria kutoka wilayani kama yupo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao ni bure.

Chakula, maji na watoto

Watu wazima 24 wa semina, wasaidizi 6 na watoto 30 (mtoto nusu sahani) ni sawa na sahani 45 kwa mlo mmoja:

- mchele kilo 12, ukikadiria robo kilo kwa sahani
- maharage kilo 6
- sukari kilo 2 kwa chai mara mbili
- maji ya kunywa yaliyochemshwa, ndoo 5 za lita 20 kwa siku
- mafuta ya kula lita 2 na nusu, vitunguu kilo 3, nyanya ndoo ndogo moja

Mkiamua nyama, kilo 6 zinatosha, na mwiteni Muislamu achinje. Msijadiliane juu yake. Masufuria yasiwe yaliyopikia kitimoto, na aliyeyaazima ajue hivyo ili aweze kumjibu atakayeuliza. Swali hilo linaulizwa kila mara, kwa kawaida na mama mkwe.

Watoto wakae chini ya mti unaoonekana kutoka mlangoni, walezi wawili kwa kila watoto kumi. Mlezi mmoja asiondoke na mtoto mmoja, hata kwenda chooni. Waende watoto wawili, au walezi wawili.

Saa ya kwanza: maharage kwenye mfuko

Tenganisheni wanaume na wanawake kwa dakika arobaini za mwanzo. Lengo ni kujua hali halisi bila mtu kujitaja. Kuandika kwenye karatasi hakufai: si wote wanaandika, na katika kijiji kidogo mwandiko unajulikana.

Tumieni maharage. Kwa kila swali, kila mtu apewe harage moja jekundu na moja jeupe, ya ukubwa mmoja. Jekundu ni ndiyo, jeupe ni hapana. Tundikeni mifuko miwili ya kitambaa nyuma ya khanga. Mtu anaingia, anaacha jibu lake kwenye mfuko wa kulia na harage lililobaki kwenye mfuko wa kushoto, anatoka mikono mitupu. Ule mfuko wa pili ndio unaolinda siri, kwa sababu bila huo wenzake watatazama amebaki na rangi gani. Msitumie kopo la bati: linalia, na waliokaa karibu wanahesabu.

Maswali manne yanatosha. Je, unajua mwenzi wako alipata kiasi gani msimu uliopita? Je, katika mwaka huu mmewahi kupigana, au mmoja kumpiga mwenzake? Je, mmeshakubaliana watoto watalelewa katika imani gani? Je, kuna jambo unaogopa kumwambia mwenzi wako? Hesabuni mbele ya wote na kutaja jumla tu. Kikundi kikiwa chini ya watu kumi, msitangaze jibu la swali la kupigana. Mmoja kati ya sita anajulikana mara moja.

Kusikilizana

Zoezi ni la dakika kumi. Mmoja anazungumza dakika tatu, mwenzake anarudia alichosikia bila kujibu wala kujitetea, kisha wanabadilishana. Mada ya mara ya kwanza iwe nyepesi: siku ya jana ilivyokwenda tangu kuamka. Wakianza na deni au ukweni, dakika tatu zinakuwa mashtaka, na wanaume wataokoa heshima yao kwa kucheka.

Wanandoa wakae mbalimbali, hatua nne au tano kutoka kwa wenzao, chini ya mikorosho au kuzunguka kanisa. Ndani ya ukumbi mmoja kila mtu atasikiliza jirani yake.

Fedha ya korosho

Hili ndilo somo la kupewa muda mrefu kuliko yote, saa moja na nusu. Choreni mduara mkubwa ardhini kwa kila wanandoa na kuugawa sehemu nane: chakula hadi mavuno, sare na michango ya shule, salfa na pembejeo, matibabu, nyumba, ndugu na misiba, sadaka, mengineyo. Kila mmoja apewe mawe ishirini ambayo ni fedha yote ya msimu. Kwanza mke anapanga, mume amegeuka. Mwandishi ananakili hesabu. Mawe yanatolewa, mume anapanga. Kisha wanatazama hesabu mbili pamoja na kuzungumzia sehemu moja tu, ile yenye tofauti kubwa zaidi. Wakizungumzia zote nane hawatamaliza hata moja.

Mwezeshaji asiulize kiasi cha fedha, na asiruhusu mtu kutaja. Mawe yapo ili majirani wasijue.

Halafu lije jambo la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Malipo ya korosho huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa, na mara nyingi aliyesajiliwa ni mume hata kama mikorosho ni ya ukoo wa mke. Ombeni kila wanandoa wakubaliane vitu viwili: stakabadhi ya kilo zilizopelekwa ghalani ionwe na wote siku ile ile, na bei ya mnada iandikwe mahali pamoja nyumbani. Hapo mke anaweza kukokotoa mwenyewe bila kumpekua mtu mfuko. Hayo mawili yanazuia ugomvi mwingi kuliko mahubiri ya uaminifu, na mume asiye Mkristo anayakubali bila shida kwa kuwa hayana dini ndani yake.

Mjomba, ukweni na ardhi

Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wanahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na mara nyingi mume ndiye aliyehamia ukweni. Mafundisho ya "mume ni kichwa cha nyumba" yakitolewa bila kuligusa hili, mume anapewa cheo ambacho ukweni hawakitambui, naye akijaribu kukitumia anafukuzwa.

Waalikeni wajomba kwa kikao hiki kimoja, Jumapili saa 7, Waislamu kwa Wakristo. Wakae mbele na waamkiwe kwanza. Waulizwe, na wanandoa wasikilize: mtoto akiugua usiku, nani anaamua aende hospitali? Nani anaamua mwali aingie unyagoni lini? Ndoa ikivunjika, nyumba ya tofali iliyojengwa na mume kwenye ardhi ya ukoo wa mke inakuwa ya nani? Swali la mwisho litawasha moto, na ndivyo inavyotakiwa. Elezeni kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hati miliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili, na kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Kazi za nyumbani nazo ni mchango: Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu.

Jando na unyago

Msiseme "mila za kishetani". Nusu ya waliokaa mbele yenu walichezwa, na makungwi ni shangazi zao. Kanisa la Kusini lina historia ndefu ya kufikiri juu ya hili: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926, aliingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku.

Wazazi waondoke na makubaliano ya maandishi juu ya mambo haya: mtoto ataingia likizo, asikose shule, kungwi au ngariba ni nani na mama au baba atakuwa karibu, wavulana watatahiriwa na mtaalamu wa afya, na msichana hafundishwi mambo ya kitandani akiwa bado mtoto. Msichana aliyetoka unyagoni hajawa mke. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, zilisema vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba.

Wanandoa wa imani mbili

Wapeni chumba chao na saa moja, na mwezeshaji asiyetaka kumgeuza mtu. Wajibu maswali matano kwa maandishi, wabaki na karatasi wao wenyewe: watoto wataitwa majina gani na kwenda wapi kusoma dini, Ramadhani nani anapika daku na futari, sikukuu zitaliwa vipi, ndoa yenyewe imefungwa wapi, na kila mmoja atazikwa kwa taratibu zipi.

Swali la mazishi watalikwepa. Warudisheni hapo. Migogoro mikubwa ya familia hizi hutokea maiti ikiwa ndani, pande mbili zimefika na hakuna karatasi. Mtu aandike wosia wa mazishi, mashahidi wawe wa pande zote mbili.

Mirathi pia isemwe wazi. Katika sheria ya Kiislamu asiye Muislamu harithi kwa Muislamu. Anachoweza kupewa ni wasia usiozidi theluthi ya mali. Mke Mkristo wa mume Muislamu ajue hilo mapema, aandikishwe kwenye kilicho chake, na msaidizi wa kisheria aeleze hatua.

Upande wa ndoa: Mkatoliki anayetaka kuoana na mtu asiyebatizwa huhitaji ruhusa ya askofu, na kuipata kunachukua muda, hivyo aanze na paroko miezi kadhaa kabla. Ndoa ya serikali inafungwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa wanaotaka kubariki ndoa baada ya semina, taarifa ya kusudio hutolewa siku 21 kabla. Msiahidi harusi ya pamoja "wiki ijayo".

Kuna pia mume anayesilimu ili aoe mke wa pili. Sheria ya Ndoa haibadilishi ndoa ya mke mmoja kwa kusilimu kwa mume peke yake. Mabadiliko hayo yanahitaji tamko la maandishi la wote wawili, kwa hiari, mbele ya jaji au hakimu.

Panapokuwa na kipigo

Mwanamke akieleza kwamba anapigwa, msimwite mumewe mbele ya semina, msiwaombe washikane mikono, msimtake asamehe siku hiyo. Atakapofika nyumbani atalipia. Mama mwezeshaji azungumze naye faraghani na kumuuliza kama ni salama kulala nyumbani usiku huo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Msaada uko Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto, simu namba 116 ni bure.

Ndoa ikifika pa kuvunjika, barua ya mchungaji haitoshi mahakamani. Shauri hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa linalotambuliwa, nalo hutoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana.

Baada ya semina

Jumatatu mzee mmoja aende kumshukuru mtendaji na imamu. Wagaweni wanandoa wawili wawili, kila jozi itembeleane baada ya wiki mbili, kisha Oktoba mnada wa kwanza ukishapita, kisha Januari. Ziara ya Oktoba isikoswe. Ndipo itajulikana kama stakabadhi ilionwa na wawili.

Daftari la semina liwe na majina na tarehe za ziara tu, bila tatizo la mtu yeyote. Maharage yarudi jikoni na hesabu za mawe zichomwe siku hiyo hiyo, maana karatasi zikibaki sakristia zitasomwa.